Jumapili Aliyopumzika Ngassa

Ngassa aliingia Shinyanga Jumamosi jioni akiwa mwekundu wa vumbi kuanzia kope hadi kucha. Siku tatu alikuwa juu ya baiskeli akitokea mgodini, upande wa Geita, na siku tatu kwa njia ile si mchezo, jamani. Ulikuwa mwaka wa hamsini na mbili, mwezi wa nane, wakati upepo wa Usukuma unapozoa mchanga wa mashamba ya pamba iliyokwisha vunwa na kuwamwagia watu machoni. Alipata pancha mara tano. Mara ya tano gundi ilikuwa imekwisha, akaishindilia tairi majani makavu, akaendelea.

Baiskeli yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mdogo wake, Maduhu, na Maduhu alikuwa amekufa Jumanne.

Mwamba ulimwangukia chini ya ardhi, zamu ya asubuhi. Jumatano wakamzika kulekule. Ngassa, ambaye yeye alifanya kazi juu kwenye mashine za kusaga mawe, alitupia udongo kwa mkono wake mwenyewe, kisha karani akamwita akampa tiketi: meli mpaka Mwanza, gari moshi mpaka Shinyanga, nenda ukawaambie nyumbani. Wenzake waliokuwa wanakwenda likizo waliondoka kwa njia hiyo siku ileile. Ngassa akairudisha tiketi mezani. Katika ukoo wao mali ya marehemu hairudishwi nyumbani kama kifurushi cha posta. Huletwa na ndugu aliyemfukia, kwa nguvu zake mwenyewe, na ndugu huyo ndiye mwenye ruhusa ya kulitaja jina la aliyekufa. Kabla hajafika yeye, halitajwi na mtu. Njiani halii, wala hamwelezi yeyote alichobeba. Ndivyo walivyokuta kwa wazee wao.

Hiyo ndiyo sababu aliyomwambia karani, na ilikuwa ya kweli. Lakini mimi sitawaficha: palikuwa na sababu ya pili. Gari moshi lingemfikisha upesi, na Ngassa hakutaka kufika upesi. Mama yake alizaa watoto sita akabakiwa na wawili, yeye na Maduhu, na baba yao alikwisha kufa. Siku walipoondoka kwenda mgodini, miaka mitatu nyuma, mama alimshika Ngassa kifundo cha mkono mbele ya watu akamwambia, "Wewe ndiye mkubwa. Huyu nakukabidhi wewe." Sasa mtu aliyekuambia hivyo unamrudia unamwambia nini? Tangu Alhamisi alipoanza kukanyaga pedeli Ngassa alikuwa akipanga maneno. Akiyapanga mwinukoni, yanabomoka mteremkoni.

Kutoka Shinyanga mpaka kwao, ndani kule upande wa Kishapu, ilikuwa imebaki siku moja tu ya kuendesha. Angelala mjini, Jumapili alfajiri angeondoka, na jua lingali juu angekuwa kwa mama yake. Hivyo ndivyo alivyokusudia.

Karibu na stesheni palikuwa na mwanamke mmoja, Mwanaima, aliyeuza chai, vitumbua na wali, na nyuma ya jiko lake alikuwa na chumba cha kulaza wasafiri. Alikuwa mama wa makamo, Mzaramo, aliyeletwa huku na mume wake wa reli. Mume akafa, yeye akabaki, na kinywa chake kikabaki naye. Mjini hapakuwa na kinywa kama kile. Ngassa aliegemeza baiskeli ukutani akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtu wa wapi wewe, uliyetoka kaburini hivyo?"

"Kishapu, mama."

"Msukuma!" Mwanaima akaweka mwiko chini akapiga makofi. "Ee Mola, nimeletewa mtumwa wangu mpaka mlangoni! Karibu, mtani. Nawa kwanza, maana sijui nikupe chakula wewe au nilipalilie hilo shamba ulilobeba usoni."

Wasukuma na Wazaramo ni watani, nani asiyejua? Mambo ya tangu enzi za misafara, babu zetu walipokwenda pwani na mizigo mabegani wakakaribishwa na kutukanwa katika nyumba hiyohiyo. Mtani atakutukana, atakula sahani yako, atakuvua kofia aende nayo kwake, na ukikasirika, aibu ni yako. Ngassa alinawa, akala, akalala kabla hajamaliza kuitika lala salama.

Alipoamka Jumapili, kwanza jua lilikuwa limekwisha panda. Pili, baiskeli haikuwapo.

"Nimeitwaa," Mwanaima alisema, wala hakugeuka kutoka kwenye chuma cha vitumbua. "Iko ndani na kuku wangu, nimefunga, na ufunguo uko mahali ambapo Msukuma mwenye adabu hatii mkono. Babu yako alikula nazi za babu yangu, hakulipa. Leo hutoki. Utanitekea maji, utanipasulia kuni, kisha utakula mpaka usahau njia ya kwenu. Kesho nitaona kama nina huruma."

Hapo Ngassa angeweza kusema. Neno moja lingetosha, na yule mama angekwenda mwenyewe kuifungua. Lakini neno lenyewe lilikuwa la mama yake, halikuwa la mtu mwingine. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Kisha akajiambia la pili, nalo lilikuwa tamu zaidi: leo mama anatwanga mtama wake na kucheka na majirani. Nikifika leo, kicheko ndiyo basi. Kwa nini nisimwachie siku hii moja? Si nimezuiwa? Si utani? Kawia ufike, walisema wahenga. Naye kwa kweli alikuwa amechoka, miguu inatetemeka hata akiwa amekaa.

"Mzaramo ana huruma tangu lini?" akasema. "Nyinyi hata nazi inaanguka yenyewe mnaingoja chini mmelala."

Mwanaima akacheka mpaka akashika kiuno. Basi, Ngassa akabaki.

Na alipumzika, ndugu zangu. Aliteka maji mapipa mawili, akapasua kuni, kisha akapewa ndoo ya maji ya moto akaoga nyuma ya uzio wa mabua, akajisugua mpaka maji yakatoka meupe. Alikunywa chai ya maziwa vikombe vitatu. Alitembea mjini akiwa na shati lililofuliwa, mikono mitupu, kitu ambacho hakukifanya kwa miaka mitatu: akapita mbele ya maduka ya Wahindi, mafundi wa cherehani barazani wakipiga soga kwa sababu ilikuwa Jumapili, kengele ya misheni ikilia, watu wametoka kanisani na nguo zimenyooka. Kwenye duka moja santuri ilikuwa inaimba. Akasimama kusikiliza mpaka ikaisha, ikawekwa nyingine, akasikiliza hiyo pia. Stesheni aliona gari moshi la Mwanza likiingia, watu wakipungiana mikono madirishani, akajikuta naye anampungia mtu asiyemjua. Yule mtu akampungia pia.

Mchana akala wali na mchuzi wa nyama. Wateja walikuwa wengi, na Mwanaima akaona hapo ndipo pa kumwumbua mtani wake. Akajifunga kanga kiunoni, akaanza kumwigiza Msukuma aliyeshuka pwani mara ya kwanza akaiona bahari: anaivulia viatu, anaiamkia shikamoo, anauliza ni ng'ombe wangapi wanakunywa hapa. Watu walilia kwa kucheka. Ngassa naye akacheka, kwanza kwa heshima, kisha kwa kweli, kisha ikawa hawezi kuacha. Mbavu zinamuuma, machozi yanamtoka, mkono umeshika ukingo wa meza. Katikati ya kicheko hicho akamkumbuka Maduhu jinsi alivyokuwa akipenda mambo kama haya, na jinsi ambavyo angeinuka naye kumjibu huyu mama kwa niaba ya Wasukuma wote. Kicheko kikakatika. Akanywa maji. Hakuna aliyeona, alidhani.

Alasiri, wateja wamekwisha, Mwanaima akamtazama kichwani.

"Mtani, hizo nywele unazifuga za nini? Kuku wangu mmoja hajarudi tangu asubuhi, nami nadhani nimejua alipo. Kaa hapo." Akampigia kelele kinyozi aliyekuwa ng'ambo ya njia, mzee wa Kinyamwezi mwenye kiti na kioo. "Njoo umnyoe mtumwa wangu, gharama yangu. Apeleke kichwa safi kwa mama yake, ajue mwanawe alilala kwa watu."

Ngassa alikataa kwa kucheka. Mwanaima akamkalisha kwa mabega. Kinyozi akaja na wembe, akalowesha kiganja. Kile kiganja cha maji kilipomgusa utosini, Ngassa aliruka kama aliyeunguzwa, kiti kikaanguka.

"Hapana! Hizi hazinyolewi hapa. Zitanyolewa nyumbani!"

Alisema kwa sauti ambayo haikuwa ya utani. Kinyozi akafunga wembe wake, akaondoka bila kuuliza. Watu wazima hawahitaji tafsiri ya maneno kama hayo. Nywele zinazongoja kunyolewa nyumbani na watu wa nyumbani ni nywele za msiba.

Mwanaima aliinua kiti, akakiweka sawa, akakaa yeye.

"Nani?" akauliza.

Ngassa alisimama. "Mdogo wangu," akasema, na hata hapo jina hakulitaja. "Jumanne. Baiskeli ile ni yake."

"Toba." Mwanaima akajishika mdomo. "Baiskeli ya marehemu nimeifungia na kuku." Kisha hasira zikampanda, na hasira za yule mama zilikuwa za kweli kama kicheko chake. "Na wewe ukaniangalia! Ukaniacha nicheze juu ya maiti ya mtoto wa watu kutwa nzima! Mtani hafichwi msiba, wewe. Msiba ndiyo kazi yake! Ungeniambia jana usiku ningekuchekesha kwa namna yake, na alfajiri ningekusukuma njiani kwa fimbo. Mama yupo?"

"Yupo."

"Anajua?"

"Hajui. Ndiyo maana..." Ngassa akakaa chini, mgongo ukutani. Akasema yote, maana alikwisha vunja mwiko, na debe likitoboka maji hayachagui. "Mama leo anacheka. Nikifika mimi hatacheka tena. Alinikabidhi yule mbele ya watu, mama. Nilipoona umeifungia baiskeli nilifurahi. Nikasema nimpe siku moja zaidi, abaki na watoto wawili siku moja zaidi. Kuna ubaya gani?"

Mwanaima alikuwa amezika mume na watoto, na alijua siku moja ni kitu gani.

"Siku hiyo ni yake," akasema, sauti imeshuka. "Si yako wewe kumgawia. Na nani kakuambia anacheka? Mgodini mlikuwa wangapi? Wote wameshonwa midomo?"

"Jina halitajwi mpaka nifike."

"Sawa. Jina halitajwi."

Akainuka akafungua mlango wa kuku, akaitoa baiskeli, akaanza kuifuta kwa upindo wa kanga yake, tairi mpaka usukani. Jua lilikuwa limekaa upande, na njia ya Kishapu ilikuwa na fisi. Wakakubaliana alfajiri. Kulipopambazuka Mwanaima alimpa maandazi ndani ya kitambaa na kaniki mpya ya kumpelekea mama yake. Ngassa alipotaka kumshukuru, Mwanaima akamsukuma karia kwa nguvu mpaka Ngassa akayumba. "Nenda, mtumwa wangu. Kimbia."

Alikimbia. Kinyozi alikuwa amempa gundi, tairi ilikuwa ngumu, miguu imepona. Siku ile ya kupumzika ilikuwa imemfanya mtu tena; alipanda vilima akiwa juu ya kiti, na maneno safari hii yalimkubali. Angeanza na salamu zote, hata za ng'ombe. Angeomba maji. Angemkalisha mama chini, angeshika mkono wake, kisha angesema, "Mayu, ulinikabidhi mtu." Aliyarudia mpaka yakakaa, na alipoyaona mawe ya kwao yamesimama kule mbele alijisikia kama mtu anayeweza kuyasema.

Jambo la kwanza lililomshangaza lilikuwa wanawake wa kisimani. Aliwaamkia, hawakuitika. Walimkodolea macho usoni. Kisha mmoja akatua mtungi, akafunga mdomo kwa kiganja, akashika njia ya mkato akikimbia kuelekea kwao Ngassa. Mbele kidogo mzee mmoja aliyekuwa anachunga akavua kofia, akaishika kifuani, akasimama hivyo mpaka baiskeli ikapita.

Mlangoni mwa boma lao, penye uwazi wa ua wa minyaa, mama yake alikuwa amekaa chini, miguu ameinyosha, mgongo umeegemea mti wa lango. Kando yake palikuwa na chungu cha uji kilichofanya utando. Nyuma yake walisimama watu wengi, wanawake kwa wanaume. Hapakuwa na moto wa msiba. Hapakuwa na kilio.

Ngassa akashuka. Mama aliinuka kwa kushika mti. Alikuja taratibu, akamshika uso kwa mikono miwili, akaupapasa: paji, mashavu, masikio, kidevu, kama anavyopapaswa mtoto aliyeanguka ili ionekane ameumia wapi. Uso wake ukafunguka. Alifurahi, ukweli ndio huo, alifurahi kwa nguvu zake zote. Na furaha ile ilikuwa bado iko machoni wakati mdomo ulipoanza kutetemeka.

"Ni wewe," akasema. Halafu akasema, "Kwa hiyo ni Maduhu."

Ngassa alifungua kinywa. Salamu, maji, mkono, ulinikabidhi mtu: hakukuwa na hata moja lililobaki na kazi. Aliitikia kwa kichwa, na nyuma ya mama wanawake wakapiga yowe.

Mama mwenyewe hakulia. Shangazi yake Ngassa ndiye aliyemsogelea, akamshika mkono akamwambia kwa sauti ya chini, "Ijumaa alipita mtu wa likizo, alishuka gari moshi. Akasema mmoja wa wale ndugu wawili kafia mgodini. Tukamwuliza yupi. Akasema yeye zamu yake ilikuwa nyingine, hajui, na hata angejua jina si lake kulitaja. Tangu hapo mama yako yuko hapa langoni. Hali, halali, halii. Tulimwambia lia, utoe sumu. Akasema, 'Nimlilie nani? Nikimlilia aliye hai, nimemwita kaburini. Nitangoja atakayekuja.' Siku ya nne hii."

Siku ya nne. Ngassa alihesabu. Ijumaa, Jumamosi. Jumapili.

"Jana nilijua utafika," mama alisema. Hakusema kwa lawama, na ingekuwa heri angesema kwa lawama. "Nilihesabu kwa baiskeli, maana mali ya marehemu haipandi gari moshi, nikasema, akilala Shinyanga Jumamosi, Jumapili jua likiwa pale atakuwa hapa, yeyote yule. Nikatazama njia mpaka sikuona tena mkono wangu. Nikasema basi, labda wamekufa wote wawili. Jana ulikuwa wapi, ng'wanawane, mwanangu?"

Shangazi akamwachia mkono.

"Shinyanga, mayu," Ngassa alisema. "Nilipumzika."

"Ulipumzika," mama akasema. Akamwangalia shati lake lililofuliwa, na miguu yake. "Ni mbali. Ulikuwa umechoka."

Kisha akamwachia uso, akageuka, akawaambia watu waliokuwa wamemzunguka, "Sasa nipisheni nilie." Akakaa chini palepale alipokuwa amekaa siku nne, akaanza.